Tusiwafanye Wafanyakazi Kwaya Yetu

(Maneno niliyosema kwenye semina ya vijana, Mkomaindo, Masasi. Nimeyaandika karibu kama nilivyoyatamka.)

 

Nimeombwa nizungumzie haki za wafanyakazi kwa sababu nasoma sheria. Najua mlichokuja kusikia: vifungu. Vitakuja, msiwe na haraka. Ila nitaanza na mchezo wa kuigiza, tena wenye nyimbo na ngoma ndani yake, maana ndio ulionifungua macho kwenye jambo ambalo darasani sikulipata.

Mama yangu mdogo anabangua korosho. Sitataja anakobangulia. Siogopi mimi, ila yeye kesho asubuhi anaihitaji hiyo kazi. Analipwa kwa kilo. Mafuta ya ganda yameshamuunguza vidole, ngozi inabanduka. Likizo iliyopita nikamuuliza, "Mama mdogo, mna mkataba?" Akacheka. "Mkataba wa nini, mwanangu? Sisi vibarua tu." Basi nikaanza kumshushia sheria, kifungu hiki, kifungu kile. Akanisikiliza kwa adabu kama anavyomsikiliza karani wa sensa. Nilipomaliza akaniuliza, "Sawa. Sasa hayo msimamizi ataambiwa na nani? Wewe si utakuwa umesharudi chuoni?"

Nikanyamaza. Na swali lake nimelibeba mpaka leo.

Niliporudi chuoni nikakisoma *Nitaolewa Nikipenda*, tafsiri ya mchezo wa Kikuyu uitwao *Ngaahika Ndeenda*. Waandishi wawili, Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ. Wengi mnajua habari ya huyo wa kwanza kufungwa kwa ajili yake. Kinachosemwa kidogo ni jinsi mchezo wenyewe ulivyotengenezwa.

Kamĩrĩĩthũ ni kijiji karibu na Limuru, Kenya. Wakazi wake wengi walikuwa wafanyakazi wa kiwanda cha viatu cha Bata, vibarua wa mashamba ya chai na wakulima wa vijishamba. Walikuwa na kituo chao cha elimu na utamaduni, watu wazima wanajifunza kusoma na kuandika. Kituo kikawaomba hao waandishi wawili rasimu ya mchezo. Rasimu ilipoletwa, wanakijiji hawakuipokea kama msahafu. Waliikosoa. Wazee wakasema mzee haongei hivi, msemo huu umekaa vibaya, wimbo huu hauchezwi hivyo. Wa kiwandani wakasahihisha habari za kiwandani. Hebu fikirini: profesa wa Chuo Kikuu cha Nairobi anakaa chini anafundishwa lugha yake na watu waliotoka zamu.

Kisha wakajenga ukumbi wa wazi wenyewe, kwa mikono yao, wa kukalisha watu kama 2,000. Mazoezi yalifanyika hadharani, mpita njia anasimama, anatazama, anatia neno. Oktoba 1977 mchezo ukafunguliwa. Hadithi yake ni rahisi. Kĩgũũnda ni kibarua wa shamba la tajiri Kĩoi. Mali yake kubwa ni hati ya ekari moja na nusu, kaitundika ukutani. Wanamshawishi afunge ndoa ya kanisani, akope benki, hati ikae rehani. Mwisho ardhi inakwenda. Jirani yake Gĩcaamba, mfanyakazi wa kiwanda cha viatu, ndiye anayeeleza waziwazi jasho lao linakokwenda. Na mambo mazito humo hayasemwi tu, yanaimbwa na kuchezwa.

Watu walimiminika. Wiki chache tu, Novemba hiyohiyo, serikali ikafuta kibali. Tarehe 31 Desemba Ngũgĩ wa Thiong'o akakamatwa, akakaa kizuizini bila kufunguliwa mashtaka hadi Desemba 1978. Walipojaribu mchezo mwingine mwaka 1982, polisi wakaja kuubomoa ule ukumbi.

Swali langu kama mwanasheria mtarajiwa: waliogopa nini? Vitabu vya Ngũgĩ kwa Kiingereza vilikuwa vinauzwa madukani, na wakubwa walikuwa wanalala usingizi wao. Mimi jibu langu ni hili. Mtu anayekuja mazoezini kila wiki amechoka na bado anakuja, anayejua sehemu yake na ya mwenzake ili mwenzake akiugua ashike, anayesimama mbele ya watu 2,000 bila sauti kutetemeka, anayemwambia msomi "hapa umekosea"; huyo tayari ni mwanachama wa chama cha wafanyakazi hata kama hana kadi. Kesho atamwambia hivyohivyo meneja.

Wamarekani nao waliwahi kufanya kitu cha jinsi hiyo. Mwaka 1937 chama cha mafundi cherehani wa New York kilitoa mchezo wa nyimbo unaoitwa *Pins and Needles*. Waigizaji wenyewe wakataji na washonaji, wanafanya mazoezi baada ya kazi. Ulichezwa zaidi ya mara 1,100. Sitakaa sana huko, maana tuna yetu hapa nyumbani, na yetu haipendezi sana.

Tanganyika ilikuwa na vyama vya wafanyakazi vyenye meno. Shirikisho lao, TFL, liliundwa 1955, na katibu mkuu wake alikuwa Rashidi Kawawa, ambaye pia alikuwa mwigizaji wa filamu. Tafuteni *Muhogo Mchungu*. Halafu uhuru ukaja. Mwaka 1962 ikatungwa sheria iliyofanya mgomo halali uwe karibu hauwezekani. Mwaka 1964, baada ya maasi ya wanajeshi ya Januari, viongozi kadhaa wa vyama wakawekwa ndani, TFL ikavunjwa, ikaundwa NUTA, chama kimoja tu kwa nchi nzima. Katibu mkuu wake aliteuliwa na Rais. Na aliyeteuliwa, Michael Kamaliza, alikuwa pia Waziri wa Kazi. Yaani refa na kocha ni mtu mmoja.

Na mwaka huohuo NUTA ikapata bendi: NUTA Jazz. Baadaye JUWATA Jazz, kisha OTTU Jazz, leo Msondo Ngoma. Msinielewe vibaya, Msondo naupenda, baba yangu akiusikia redioni nyumba nzima inanyamaza. Lakini angalieni mpangilio. Mfanyakazi akapewa muziki mtamu wenye jina la chama chake, huku sauti yake ndani ya chama hicho imeondolewa. Kamĩrĩĩthũ hawakuwa na ala za kueleweka, ila maneno yalikuwa ya kwao.

Sasa nitasema jambo ambalo baadhi yenu halitawapendeza. Sisi je? Tunapokuwa na mkutano, tunawaita akina mama waje na ngoma. Wanacheza sindimba juani saa mbili wakimsubiri mgeni rasmi. Tunawapa fulana na soda. Mgeni anapanda jukwaani anasema kwa niaba yao kuhusu bei ya korosho na maisha magumu, tunapiga picha, tunaondoka. Hivyo ndivyo chama tawala kimefanya miaka yote, nasi tunalalamika. Tofauti yetu ni rangi ya fulana.

Haya, vifungu sasa. Sheria ya Taasisi za Kazi, Namba 7 ya 2004, kifungu cha 61, inasema mtu anadhaniwa kuwa mwajiriwa ikiwa mojawapo ya mambo kadhaa lipo. Moja ni kwamba amemfanyia huyo mtu kazi wastani wa saa 45 kwa mwezi au zaidi, kwa miezi 3 iliyopita. Jina "kibarua" halimwondolei haki. Mwajiri ndiye athibitishe kinyume. Dada yake, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Namba 6 ya mwaka huohuo, kifungu cha 9 kinampa haki ya kujiunga na chama au kukianzisha. Kifungu cha 15 kinamtaka mwajiri ampe maelezo ya ajira kwa maandishi, na kesi ikifika akashindwa kuyaonyesha, mzigo wa kuthibitisha uko kwake.

Nzuri kwenye karatasi. Ila hizo saa 45 nani kaziandika? Mama mdogo hana kumbukumbu ya saa hata moja. Anajua kilo.

Basi Pasaka nilirudi kwake bila vifungu. Nikamwomba yeye na wenzake watano wanionyeshe tu siku yao: anayepima anasimama wapi, mzani ukigombaniwa anasema nini. Wakaanza kuigiza pale uani, wakacheka mpaka machozi. Mmoja akaigiza msimamizi, mpaka mwendo wake. Kwenye kubangua wakaweka wimbo, kwa Kimakonde, sikuuelewa wote. Walipofika kwenye mzani wakabishana saa ya kuingia ni ngapi hasa, na hapo mama mdogo akamtuma mtoto alete daftari la shule, waandike. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye kigoda, kazi yangu ilikuwa kushika taa.

Hilo daftari sasa lina wiki saba. Kila mmoja ana ukurasa wake, saa ya kuingia na ya kutoka. Mchezo nao umekua, una sehemu ya mwaka ambao salfa ilichelewa, nasikia ni ndefu mno.

Niliwaambia vijana wa chama wangependa kuja kuutazama. Wakajadiliana, wakakubali. Jumapili saa kumi jioni, baada ya ibada, mje na viti vyenu. Wamesema atakayekuja na fulana ya chama atarudishwa akabadilishe.