Makongamano ya wanawake wafanyabiashara: nani anabaki nje?

Uchambuzi huu unahusu makongamano ya wanawake wafanyabiashara, yaani mikutano ya kufahamiana na kutafutiana masoko. Kwa nini yanawagusa wasikilizaji wa Bukoba na Muleba? Kwanza, sheria iliyorekebishwa mwaka 2018 huzitaka halmashauri zitenge asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, 4 kati yake zikiwa za vikundi vya wanawake, na kikundi hakiundwi na watu wasiofahamiana. Pili, mchuuzi wa dagaa wa Kemondo anayemjua mnunuzi wa mjini hamtegemei dalali. Kwa upande mwingine, nauli, kiingilio na siku nzima bila kuuza humzuia mwenye mtaji mdogo, hivyo hunufaika walewale wanaojuana tayari. Je, si wakati sasa makongamano yafanyike mialoni na magulioni, na gharama zake azibebe nani?