Saa Moja Kabla ya Mhadhara

 Madaktari wapya, wengi wenu mtaanza kufundisha mapema kuliko mnavyodhani, kwa hiyo naomba niwazungumzie maandalizi ya mwanafunzi kabla hajaingia darasani.

Chukueni mhadhara wa figo. Ndani ya saa moja mwanafunzi anakutana na glomeruli, kitanzi cha Henle, sodiamu inayorudishwa kwenye damu, kisha furosemaidi inayozuia urejeshaji huo. Mwaka 2001 Nelson Cowan alipitia tafiti nyingi za kumbukumbu ya muda mfupi, akaona kwamba akili hushika mambo manne hivi kwa wakati mmoja. Majina yote yakiwa mageni, nafasi hujaa kabla mhadhiri hajafika kwenye sababu, na sababu ndiyo itakayomsaidia mgonjwa aliyevimba miguu. Kurasa tatu zilizowekwa mtandaoni siku mbili kabla, zenye mchoro mmoja wa nefroni na maswali mawili, huondoa ugeni huo, na kipindi kikapata muda wa kujadili mgonjwa. Muda huo una thamani. Mwaka 2014 Scott Freeman na wenzake walijumlisha tafiti 225 za masomo ya sayansi, uhandisi na hisabati: katika madarasa ya kusikiliza tu walifeli karibu asilimia 34 ya wanafunzi, na katika yale ya kushiriki, asilimia 22.

Wapo wasemao wanafunzi hawasomi. Wakitupiwa sura nzima ya kitabu, kweli hawasomi. Na mhadhiri anayerudia kila kitu darasani huwavunja moyo hata wale waliosoma. Andiko liwe fupi, na majibu ya maswali yale ndiyo yafungue kipindi. Hoja ya gharama ya bando la intaneti ni nzito zaidi, nami siipuuzi. Video ya nusu saa humwumiza mwanafunzi ambaye fedha yake ya kujikimu imechelewa, na msaada wa namna hiyo huwagawa wanafunzi kwa uwezo wa mifuko yao. Maandishi na mchoro mwepesi hupakuliwa mara moja, yakasomwa bila mtandao, na mwanafunzi akamrushia mwenzake kwenye simu.

Basi mtakapopangiwa kipindi chenu cha kwanza, pitieni majibu ya wanafunzi usiku uliotangulia. Mkiona nusu ya darasa wamekosea swali lile lile, fundisheni hilo kwanza, hata kama slaidi zenu mlizipanga vingine.