Moto wa Septemba na Malisho ya Novemba



Mkulima wa pamba katika mkoa wa Mwanza huwasha moto kila mwaka kwa amri. Masalia ya pamba hayana budi kung'olewa na kuchomwa ifikapo tarehe 15 Septemba, ili wadudu waharibifu wasipate makao hadi msimu ujao. Amri hiyo ni ya haki, na anayeipuuza huwadhuru jirani zake. Lakini Septemba nyasi zimekauka, na moto wa shamba waweza kuvuka mpaka ukaingia katika ngitili.

Kwa Wasukuma, ngitili ni eneo la nyasi na miti linalofungwa wakati wa mvua, likafunguliwa malisho yanapokwisha mwishoni mwa kiangazi. Maksai huishi kwa nyasi hizo. Ngitili ikiungua, maksai hukonda. Mvua ikianza Novemba hawana nguvu za kuvuta plau, na pamba hupandwa kwa kuchelewa. Mvua ikiwa haba, hasara huwa maradufu.

Hatari ya namna hii haipimwi na bwana shamba peke yake. Mkulima ajua siku ya kuchoma. Mchungaji ajua nyasi zinazokauka mapema. Akina mama wajua kuni zilikotoweka. Warina asali na wachoma mkaa hulaumiwa kila moto utokeapo, kwa hiyo huachwa nje ya mkutano, ilhali wao ndio waujuao msitu. Na kando ya ziwa wapo wazee wanaokumbuka maji yalivyopanda kati ya 1961 na 1964, kama yalivyopanda tena mwaka 2020 na 2024. Kumbukumbu zao ni kipimo pia.

Mfano uko jirani. Mwaka 1986 mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ulipoanza, ngitili zilizoandikishwa mkoani humo zilikuwa hekta 600 hivi. Vijiji viliachiwa kuweka mipaka na kanuni kwa desturi zao. Sungusungu wakalinda, na mkutano wa dagashida ukawaadhibu wavunjaji. Kufikia mwaka 2003 zilikadiriwa kuwa hekta kati ya 300,000 na 500,000, katika vijiji 833.

Yapasa basi kila chama cha msingi kiitishe mkutano Julai, kabla kiberiti hakijawashwa. Ramani ichorwe hata chini mchangani. Zioneshwe ngitili, mashamba na njia za kuzuia moto. Zikubaliwe siku za kuchoma, asubuhi upepo ukiwa umetulia, jirani akiwa amearifiwa. Yote yaandikwe katika daftari la chama.

Limebaki jambo moja lisilopendeza kusemwa. Asiye na ngitili hana sababu ya kuacha jembe lake na kukimbilia kuzima moto wa mwenzake. Mkutano usifungwe kabla fungu lake la nyasi na kuni halijatajwa. Huo ndio ushirika.