Tozo ya Barabara kwa Haibridi za Kuchajiwa: Mtazamo wa Kitale na Bungoma

Barabara zetu hutunzwa kwa pesa zinazokatwa pampuni. Sheria ya Kenya ya mwaka 1993 iliweka tozo ya matengenezo ya barabara ndani ya bei ya mafuta, na Julai 2024 tozo hiyo ilipanda kutoka shilingi 18 hadi 25 kwa lita. Mwendesha bodaboda wa Kiminini anayechoma lita 3 kwa siku huacha pampuni shilingi 75 za barabara kabla hajahesabu faida yake. Sasa tazama gari la haibridi la kuchajiwa. Betri yake hutosha kilomita 40 au zaidi, na injini ya petroli huwaka safari inapokuwa ndefu. Mwenye gari hilo akilichaji usiku nyumbani, akaenda kazini mjini Kitale, akapitia sokoni na kurudi, hajalipia barabara hata senti. Uzito wa gari hilo, likiwa na betri na injini pamoja, ni mkubwa mara kadhaa kuliko wa pikipiki. Hoja yangu ni kwamba anayetumia umeme na petroli atozwe kwa kilomita, kwa kiwango cha chini, na kaunti zisimwekee ada ya kuingia mjini.

New Zealand imelipima jambo hili. Tangu Aprili 2024, gari la umeme mtupu hulipa dola 76 za nchi hiyo kwa kila kilomita 1,000, na haibridi ya kuchajiwa hulipa 38, kwa kuwa tayari hulipia petroli yake. Nusu hiyo ndiyo ninayoiona ya haki. Kumtoza mwenye haibridi kiwango kizima ni kumtoza mara mbili. Kumwacha kabisa ni kumbebesha mzigo wake mwenye bodaboda na mkulima wa mahindi mwenye pikapu kuukuu.

Kuna watakaosema tutaua magari safi yangali machanga. Pingamizi hili lina uzito, kwa kuwa umeme wetu mwingi hutoka kwenye mvuke wa ardhini, maji na upepo. Lakini serikali ilikwisha kupunguza ushuru wa bidhaa kwa magari ya umeme mwaka 2019 kutoka asilimia 20 hadi 10, na msaada wa kununua ni kitu kimoja, malipo ya kuchakaza lami ni kitu kingine. Wengine watakumbusha kodi ya magari ya asilimia 2.5 iliyokuwa kwenye Mswada wa Fedha wa 2024, ambao wananchi waliukataa barabarani hadi ukaondolewa. Wana haki ya kukumbusha. Kodi ile ilifuata thamani ya gari, hata likilala uani mwaka mzima. Tozo ya kilomita hufuata matumizi, na haimgusi mwenye gari la petroli tupu.

Kuhusu ada ya kuingia mjini, London ilianza yake mwaka 2003, ikazisamehe haibridi za kuchajiwa kwa miaka, kisha ikaufuta msamaha huo Oktoba 2021. Lakini London ina treni za chini ya ardhi. Anayekuja Bungoma kutoka Kimilili ana matatu, bodaboda au gari lake tu. Isitoshe, Ibara ya 209 ya Katiba huziruhusu kaunti kutoza ada kwa huduma zinazotoa. Kupita tu barabarani si huduma ya kaunti, hasa kwa barabara kuu ya Webuye hadi Malaba, iliyo ya taifa. Kaunti inayotaka kupunguza msongamano ina maegesho: yapangwe vizuri, yatozwe kwa saa, na gari la petroli na la umeme yalipe sawa, maana nafasi yanayochukua ni ileile.

Kilichobaki ni utaratibu. Mita ya kilomita isomwe mara moja kwa mwaka kwenye ukaguzi wa gari, na pesa ziingie katika mfuko uleule wa matengenezo. Naiomba semina hii ipeleke pendekezo hilo kwa Bodi ya Barabara na kwa mabunge ya Trans Nzoia na Bungoma wakati magari haya bado ni machache.