Barabara ya Mjini Isiwe Mtego kwa Mwenda kwa Miguu

Leo hatutazungumza juu ya mbu, maji machafu wala chanjo. Tutazungumza juu ya barabara unayoivuka ukishuka kwenye matatu mjini.

Huenda ukajiuliza, barabara na afya vina uhusiano gani? Tembelea wodi ya mifupa katika hospitali yoyote kubwa ya umma. Utaona miguu iliyofungwa plasta na mingine iliyotiwa vyuma. Utamkuta aliyeondoka nyumbani asubuhi akiwa mzima, akienda kazini au sokoni. Sasa amelala wiki ya sita, kibarua kimepotea, na watoto wanangoja karo.

Shirika la Afya Duniani linasema kwamba ajali za barabarani huua watu wapatao milioni 1.19 kila mwaka. Miongoni mwa watu wa umri wa miaka 5 hadi 29, hakuna kinachoua zaidi ya ajali hizo. Hapa Kenya, mwaka wa 2024 tulipoteza watu zaidi ya 4,700 barabarani, na zaidi ya theluthi moja walikuwa wakitembea kwa miguu.

Mtu akigongwa, huwa tunasema, "Alivuka ovyo," au "Alikuwa kwenye simu." Ni kweli kila mmoja wetu anapaswa kuwa mwangalifu. Lakini kumbuka jinsi tunavyopigana na malaria. Hatumwambii mtu ajihadhari na mbu kisha tukaacha dimbwi nyuma ya nyumba. Tunalifukia. Barabara iliyojengwa vibaya ni dimbwi la namna hiyo. Itaendelea kuumiza watu hata tukihubiri uangalifu kila siku.

Kwanza, tuangalie mwendo wa magari. Sheria yetu inaruhusu kilomita 50 kwa saa mjini. Gari la mwendo huo hupita karibu mita 14 kwa sekunde moja. Mtoto akitokea ghafla, dereva atakuwa amekwisha kupita mita hizo kabla mguu wake haujafika kwenye breki. Kwa kilomita 30 kwa saa, atapita mita 8 hivi, na anayegongwa ana nafasi kubwa ya kupona. Kasi ikipanda kutoka 50 hadi 65, hatari ya kufa kwa anayegongwa huongezeka zaidi ya mara nne. Mwili wa binadamu haukuumbwa kuhimili kishindo hicho.

Sasa, barabara nzuri ya katikati ya mji ina nini? Ina njia ya miguu iliyo pana, isiyo na mashimo, inayompitisha mama aliyebeba mtoto, mtu wa kiti cha magurudumu na kipofu mwenye fimbo nyeupe. Ina nguzo fupi za kuzuia magari na pikipiki kupanda juu ya njia hiyo. Sehemu ya magari ni nyembamba, kwa kuwa barabara pana humwalika dereva kukanyaga mafuta. Kivuko kimeinuliwa kama tuta, ili gari lipunguze mwendo hata kama dereva hakutaka. Barabara ikiwa pana sana, kuna mahali pa kusimama katikati, uvuke nusu nusu. Na usiku kuna taa.

Vivuko hivyo viwe pale watu wanapovukia. Mzee mwenye magoti mabovu ukimwambia apande daraja la ngazi nyingi akitoka stejini, atapita chini katikati ya magari. Si ukaidi. Ni magoti.

Mambo haya si ndoto. Mwaka wa 2019, Kaunti ya Nairobi na shirika la Umoja wa Mataifa la makazi, UN-Habitat, waliijenga upya Luthuli Avenue, ile barabara ya maduka ya redio na simu. Magari yakaruhusiwa kwenda upande mmoja tu, njia za miguu zikapanuliwa, miti ikapandwa na viti vikawekwa. Baadaye Kenyatta Avenue na Wabera Street nazo zikapata njia pana za miguu.

Wako wenye maduka wanaoogopa kwamba gari lisipoegeshwa mlangoni, mteja atapotea. Lakini hebu mtazame mteja wa River Road. Ameshuka kwenye matatu na anatembea. Akipata nafasi ya kusimama bila kusukumwa, ataangalia bidhaa na kuuliza bei. Gari linalopita haliulizi bei.

Hata hivyo, njia pana isipotunzwa hugeuka haraka kuwa mahali pa kuegesha pikipiki na kupanga bidhaa, na mwenda kwa miguu hurudi barabarani. Mchuuzi naye anatafuta riziki. Kwa hiyo anapaswa kutengewa mahali pake palipochorwa, asifukuzwe leo na kurudi kesho.

Wewe unaweza kufanya nini? Kama ni dereva au mwendeshaji wa bodaboda, simama kwenye kivuko, na usipande njia ya miguu hata foleni iwe ndefu namna gani. Kama una duka au meza, acha nafasi ya watu wawili kupishana. Na kama ni mwananchi wa kawaida, hudhuria mikutano ya kaunti ya kuchangia maoni kuhusu bajeti. Sera ya Kaunti ya Nairobi ya mwaka wa 2015 ilisema asilimia 20 ya bajeti ya uchukuzi itengewe wanaotembea na waendeshao baiskeli. Muulize mwakilishi wa wadi yako: pesa hizo ziko wapi? Mtajie mahali hasa, "Hapa mbele ya soko, watu wanagongwa." Waulize majirani, mhesabu pamoja waliogongwa hapo, na mwandike barua. Walio katika miji mingine, Kisumu, Nakuru, Mombasa au Eldoret, wana haki hiyo hiyo.

Jijini Nairobi, karibu safari nne kati ya kila kumi hufanywa kwa miguu. Hao si wachache wa kusukumwa pembeni. Ndio mji wenyewe. Kinga ni bora kuliko tiba, na kinga hii hujengwa kwa mawe na saruji.

Hadi wiki ijayo, nakutakia afya njema. Vuka salama.