DHAHABU YA SEKENKE NA KIBERITI CHA BABU

(Hotuba kwa wanafunzi wa zamani na wa sasa, siku ya kukutana)



Nimeombwa niseme machache juu ya historia. Sitakwenda mbali. Nitaanzia hapa hapa Sekenke.

Wengi wetu tunaujua mlima huu kwa kona zake, zilizowatoa jasho madereva wa malori. Lakini mwaka 1909, wakati wa Wajerumani, ulianza hapa mgodi wa dhahabu, na ndio uliokuwa wa kwanza nchini. Vita vya 1914 vilipozuka, meli za Waingereza zilifunga pwani yetu, na fedha kutoka Ujerumani zikakoma kuja. Serikali ya wakoloni ikachapisha noti, lakini mwananchi wa kawaida aliamini rupia ya chuma, si karatasi.

Wakafanyaje? Mwaka 1916, katika karakana ya reli huko Tabora, waligonga sarafu wenyewe. Dhahabu ya Sekenke ikawa sarafu ya rupia 15. Upande mmoja ina tai wa Kaizari. Upande wa pili tembo aliyeinua mkonga, na milima nyuma yake. Zilitoka zaidi ya 16,000. Sarafu ndogo za heller ziligongwa pia, na shaba yake nyingine ilitokana na maganda ya makombora. Septemba ya mwaka huo huo Wabelgiji waliiteka Tabora, na kazi hiyo ikawa imekwisha.

Jambo hilo halikuwa la huku peke yake. Kule Ufaransa na Ubelgiji, askari waligeuza maganda ya mizinga kuwa vyombo vya maua, visu vya kukatia bahasha na pete za kupelekea wachumba. Mtu anayengoja kufa huitafutia mikono yake kazi.

Sasa nikiri kosa langu. Babu yangu alikuwa askari wa King's African Rifles, akapigana Burma mwaka 1944 dhidi ya Wajapani. Alirudi na kiberiti cha mafuta kilichotengenezwa kwa ganda la risasi. Ubavuni palichorwa kwa ncha ya msumari mnazi na herufi mbili. Herufi hizo hazikuwa za jina lake. Tulipomwuliza ni za nani, alikuwa akisema, "Za mwenzangu," kisha ananyamaza.

Nilipokuwa kidato cha pili alipita mnunuzi wa vyuma chakavu. Nilikuwa sina daftari. Nikakiiba kile kiberiti, akakipima kwa mizani pamoja na sufuria bovu, akanipa pesa. Babu alikitafuta siku tatu, chini ya kitanda, ghalani, hata kwenye majivu. Sikusema. Alifariki sijasema.

Leo nimeajiriwa serikalini, mafaili yanapita mbele yangu kila siku, na najua thamani ya karatasi moja iliyotunzwa. Lakini jina la yule rafiki wa babu yangu siwezi kulipata katika faili lolote. Labda zile herufi mbili ndizo zilikuwa kaburi lake pekee, nami nikaliuza kwa uzito wa shaba.

Ile sarafu ya tembo inauzwa minadani Ulaya na Marekani kwa maelfu ya dola. Watu wa mbali wanajua habari za Sekenke. Je, mtoto wa Sekenke anazijua?

Vijana, likizo hii waulizeni wazee. Kikiwapo kikopo cha ugoro, bangili, nishani au kitambulisho cha jeshi, andikeni ni cha nani, alikipata wapi na nani alikitengeneza. Fanyeni hivyo wazee wangali hai. Mimi daftari nililonunua siku ile lilikwisha kurasa kabla ya muhula kwisha.