Dispensari ya Malindi na Hesabu ya Kulitunza Jengo
Maelezo ya Kamati ya Fedha mbele ya mkutano wa mwaka wa umoja wetu, Dar es Salaam

 

Tumeombwa tueleze kwa nini bahasha ya michango ya mwaka huu ina visanduku viwili, kimoja cha ujenzi na kimoja cha matengenezo. Mwaka jana wazee wawili waliuliza, na waliuliza vizuri, kwamba kuna faida gani umoja kuweka pesa benki na huku nyumba zetu za Mji Mkongwe zinadondoka. Sisi wa kamati ni watu wa vitabu vya hesabu, hatujui kuhutubia. Basi tutajibu kwa habari za jengo moja ambalo kila aliyemo humu analijua.

Ukiwa kwenye boti unatoka huku Dar, kabla hujafunga gati, unaliona kule Mizingani, limeelekea bahari: roshani za mbao zenye nakshi, vioo vya rangi, kuta zilizopambwa kwa chokaa kama keki ya harusi. Wageni wanaambiwa ni kituo cha utamaduni. Wazee wetu wa Malindi hawajawahi kuliita hivyo. Kwao ni Dispensari, basi.

Jiwe la msingi liliwekwa mwaka 1887, mwaka Malkia Victoria wa Uingereza alipotimiza miaka 50 katika ufalme. Aliyejenga ni Tharia Topan, tajiri wa Kihindi wa hapa kwetu, Khoja Ismailia, aliyewahi kushika forodha ya Sultani Barghash na baadaye akapewa cheo cha Sir. Nia yake ilikuwa hospitali ya maskini. Fedha anazo, fundi anao, kiwanja kizuri anacho. Kisha akaondoka kwenda Bara Hindi, na mwaka 1891 akafariki huko huko. Mjane wake ndiye aliyeendelea na kazi mpaka jengo likamalizika mwaka 1894.

Hapo ndipo tunapotaka mtusikilize. Jengo limekwisha, limependeza, mji mzima unalitazama, lakini hospitali ile aliyoikusudia Sir Tharia haikupatikana. Nyumba ilikuwapo na kilichokosekana ni fedha za kila mwezi: mshahara wa daktari, dawa, mafuta ya taa, mtu wa kufagia. Sisi wahesabu tuna maneno mawili ya mambo haya. Kuna matumizi ya mtaji na kuna matumizi ya uendeshaji. La kwanza hupewa jiwe la msingi na hupigwa picha. La pili halina sherehe, na ndilo linalokuja kila tarehe mosi.

Mwaka 1900 jengo likanunuliwa na kuingia katika sadaka ya Haji Nasser Nur Mohamed. Tazameni walivyolitumia. Chini ikawekwa dispensari, watu wakapata dawa. Ghorofa za juu zikawa makaazi. Yaani halikuwa tena hospitali kubwa ya ndoto, likawa jambo dogo linalowezekana, na jengo lina watu ndani mchana na usiku. Kwa mpango huo likafika miaka ya sitini. Bibi zetu wengi walibebwa mgongoni kupelekwa pale kwa homa na macho. Mtu aliyelipa jina lile hakuwa serikali wala mtalii, ni mgonjwa aliyetoka na chupa yake ya dawa mkononi.

Baada ya Mapinduzi ya 1964 likawa mali ya serikali, na miaka iliyofuata likaachwa. Sisi tuliokuwa skuli miaka ya themanini tunalikumbuka limefungwa, roshani zimening'inia, popo wanaingia na kutoka. Mji mzima ulikuwa hivyo. Ilibidi mwaka 1985 iundwe Mamlaka maalumu ya kuuhifadhi Mji Mkongwe, kwa sababu nyumba zilikuwa zinaanguka, nyingine na watu wake.

Kwa nini nyumba zetu zinaanguka? Tuseme kidogo, maana vijana waliokulia Mbagala na Tabata wanadhani ni uzee tu. Kuta zetu ni mawe ya matumbawe na chokaa, na dari zinabebwa na boriti za mikoko. (Ndiyo sababu vyumba vyetu ni virefu na vyembamba: upana wa chumba ni urefu wa boriti.) Ukuta wa namna hiyo unapumua. Ukilowa unakauka, mradi uwe na chokaa na paa lisivuje. Hatari yake ni maji yanayokaa. Bomba likivuja jikoni ghorofa ya pili, au mfereji wa juu ukiziba kwa majani, maji yanashuka ndani ya ukuta na kufika pale kichwa cha boriti kilipoingia kwenye mawe. Huko hakuna anayeona. Boriti inaoza kwa ndani miaka mitano, sita, huku sebule imepakwa rangi nzuri. Kisha anakuja fundi wa haraka na mfuko wa saruji, anafunika ufa. Saruji haipumui. Unyevu na chumvi vinabaki ndani, na mwaka unaofuata plasta inatoka kipande kizima pamoja na mawe yake.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Dispensari ikakabidhiwa kwa Taasisi ya Utamaduni ya Aga Khan, na kati ya 1994 na 1996 ikafanyiwa kazi ya kweli. Walirudi kwenye chokaa. Boriti zilizooza zilitolewa, mbao za roshani zikachongwa upya kwa kufuata zilizobaki, mapambo ya ukutani yakafinyangwa na vioo vya rangi vikarudishwa. Mafundi wetu, washi na maseremala, walijifunza pale pale juu ya jukwaa, na hili kwetu ni faida kubwa kuliko hata jengo lenyewe. Leo ukitaka fundi anayejua chokaa kwa ajili ya nyumba ya urithi wenu, humpati kwa kutangaza. Unampata kwa kuuliza nani alifanya kazi Dispensari, au nani alifunzwa na aliyefanya kazi Dispensari.

Basi kuna wanaolalamika, na baadhi yao wamekaa meza ya mbele hapa. Wanasema: ilikuwa ya wagonjwa, sasa ni maduka, ofisi na maonesho, sisi watu wa Malindi tumepata nini? Hatutaki kulipita swali hili. Ni kweli mgonjwa wa Malindi leo anakwenda Mnazi Mmoja, na pale Mizingani hapati hata panadol. Mtaa uliopoteza dispensari yake umepoteza kitu, na picha nzuri kwenye kitabu cha utalii haimponyi mtu.

Lakini jengo lile kurudishwa kuwa hospitali, sisi tusingekubali kulitia sahihi. Hospitali ya leo inataka lifti ya kitanda, mabomba ya hewa ya oksijeni, chumba cha eksirei chenye kuta zake, maji mengi sana kila sakafu, na sehemu ya gari la wagonjwa kugeuka. Kuvitia hivyo vyote ndani ya matumbawe na boriti ungelivunja jengo ukidai unalihifadhi, tena kwa gharama ya kujenga jipya mara mbili. Ghorofa zile zinabeba maduka, ofisi na mikutano bila kuumia, na vitu hivyo vinalipa kodi.

Wenye kutaka mfano wa njia ya pili waende Ocean Road hapa hapa Dar. Hospitali ile ya Wajerumani ilifunguliwa mwaka 1897, na leo ni taasisi yetu ya saratani. Tiba iliendelea kwa sababu kulikuwa na uwanja wa kuongeza majengo mengine yenye mitambo, na jengo la zamani likabaki mbele na kazi inayoliweza. Mizingani hakuna uwanja huo. Nyuma ya Dispensari ni vichochoro vya Malindi na nyumba za watu. Wa tatu ni kule Mkunazini, nyumba iliyokuwa ya tiba ya misheni ya Kiingereza, ambayo sasa inalaza wageni. Kila mahali swali la kwanza ni lile lile: kazi gani jengo hili linaiweza, na kazi hiyo italeta shilingi ngapi za kulitunza?

Tusisahau upande wa pili wa barabara ile ile. Tarehe 25 Disemba 2020 sehemu ya mbele ya Beit al-Ajaib, jumba la Sultani Barghash la mwaka 1883, ilianguka. Lilikuwa tayari kwenye matengenezo. Watu wawili walifariki. Lile ni jengo maarufu kuliko yote Zanzibar, katika mji ulioingizwa kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2000. Umaarufu haukuzuia kitu. Kama maji na miaka vimeweza kulifikia lile, je, nyumba ya marehemu babu yako Kiponda, yenye warithi kumi na wanane, wanane wako Muscat na London, na mpangaji wa chini analipa anapotaka?

Sasa tufike kwenye bahasha. Kisanduku cha ujenzi kinabaki kama zamani. Kisanduku cha matengenezo ni kipya, na Kamati inaomba theluthi moja ya kila tutakachochanga iingie humo. Tunajua pesa za aina hii hazivutii. Hakuna mtu atakayebandikwa jina lake kwenye mfereji wa maji. Ndiyo sababu tunaomba theluthi, maana tukiacha kila mtu achague, tutapata kibao cha marumaru kizuri sana na hatutapata shilingi ya kuzibua bomba. Sir Tharia alikuwa na pesa kuliko ukumbi huu wote na bado mambo yalimkwama hapo.

Pesa hizo zitatumika hivi. Tutaanza na nyumba ambazo mzazi au bibi anaishi humo peke yake, na warithi wamekubaliana kwa maandishi. Bila maandishi ya warithi hatutoi hata mfuko wa chokaa. Tumeshuhudia umoja mmoja wa wenzetu, hatuutaji, ukipelekwa mahakamani kwa kutengeneza paa la watu. Kitu cha kwanza ni maji: paa, mifereji, mabomba, choo cha juu. Rangi ni ya mwisho, na kwa umoja huu hailipwi kabisa. Fundi awe wa chokaa. Kwa nyumba zilizo ndani ya eneo la hifadhi, kibali cha Mamlaka kitangulie kazi, na gharama ya kibali tumeiweka kwenye makisio.

Umoja hautabeba nyumba peke yake. Kila nyumba inayosaidiwa itafungua hesabu yake. Tutoe mfano tu: kama duka la chini linakodishwa kwa shilingi 300,000 kwa mwezi, warithi wakatenga kumi kwa mia, hiyo ni 30,000, na kwa mwaka ni 360,000. Haijengi roshani. Lakini inasafisha mifereji kabla ya masika, inabadilisha bomba na kumlipa fundi siku mbili za kukagua boriti. Nyumba inayopata hayo kila mwaka haitakuja kutuomba milioni. Na warithi ambao hawawezi kukubaliana kutenga 30,000, sisi tunaona hawataweza kukubaliana lolote, bora tujue mapema.

Hesabu za mfuko huu zitasomwa kila miezi mitatu, na stakabadhi zitakuwa wazi kwa mwanachama yeyote atakayetaka kuziona, hata kama hakuchanga. Mtia hazina hawezi kutoa pesa bila sahihi mbili, na sahihi ya tatu ni ya mzee mmoja aliyeko Unguja ambaye ataiona kazi kwa macho kabla fundi hajamaliziwa ujira. Wazee waliouliza mwaka jana tumewaomba mmoja wao aishike nafasi hiyo. Bado hajakubali. Mkimwona leo, tusaidieni kumshawishi.

Bahasha zitapita sasa kuanzia meza za nyuma. Mwenye ahadi badala ya taslimu aandike jina, kiasi na mwezi atakaolipa, na asisahau kutia sahihi. Wenye nyumba za urithi wachukue fomu kwa dada zetu pale mlangoni. Ina sehemu ya majina ya warithi wote, walio ndani na walio nje ya nchi, na nafasi kumi na mbili. Wasiotosha waombe karatasi ya pili.